Geneanet na jina la Bruda Amans Delmas: upande wa bure unatosha, ila zile karatasi za ngao achaneni nazo

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama unatafuta asili ya jina la ukoo la Kifaransa na unataka kujua wenye jina hilo leo wako wapi, tumia saiti ya Geneanet upande wa bure, linganisha na takwimu za INSEE (taasisi ya takwimu ya serikali ya Ufaransa), halafu malizia kwenye nyaraka za wilaya yenyewe ya Ufaransa, nazo ni bure. Mimi naipa Geneanet nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitaeleza kwa nini nimeizuia. Zile saiti zinazouza karatasi ya "historia ya ukoo wako" yenye ngao, yaani nembo ya ukoo, na simba wawili msizipe hata shilingi.

Sasa mtu wa Entebbe anahangaika na majina ya Wafaransa kwa nini? Kazi yangu ni kutembeza wageni, na kuanzia mwisho wa mwezi wa tano mpaka 3 Juni, msimu wa hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, wengi ninaowabeba ni mahujaji wanaoongea Kiswahili, Watanzania wa Bukoba na Mwanza, Wakenya, na Wakongomani wa Bunia na Butembo. Wote lazima niwafikishe Kigungu, kule mwisho wa rasi nyuma ya uwanja wa ndege, pale Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa, waliposhuka kwenye mtumbwi tarehe 17 Februari 1879, wenzao watatu, Livinhac, Girault na Barbot, wakiwa bado wako upande wa kusini wa ziwa. Lourdel kila mtu anamjua, ndiye Mapeera, jumba refu la benki katikati ya Kampala lina jina lake na shule pia zipo. Lakini yule bruda watu wanasoma jina wanapita. Jina kamili ni Amans Delmas. Na swali linakuja kila msimu, hasa kutoka kwa wamama wa Bukoba ambao hawaachi kitu kipite: mwanangu, huyu Delmas ni mtu wa wapi, ukoo wake bado upo?

Mimi naliona ni swali la heshima kabisa na linastahili jibu la kweli. Hapa Buganda mtu akikutajia jina lake, mara nyingi unajua papo hapo ni wa kika (ukoo) gani, muziro wake (mnyama au kitu ambacho ukoo wake umekiwekea mwiko) nini, na mkubwa wa kika anakaa wapi. Mtu amekuja mpaka kwetu, amefanya kazi ya mikono, amejenga, amelima, amepika, halafu tunamwacha bila kwao? Ndiyo maana nikakaa chini nikalitafuta jina, na hii rivyu imetoka hapo, siyo ya mtu aliyefungua ukurasa mmoja akaandika.

Geneanet yenyewe ni saiti ya Wafaransa, ilianza 1996, na tangu 2021 iko chini ya Ancestry ya Marekani. Watu wanaweka miti ya ukoo wao humo, wanapiga picha makaburi ya vijijini na kuyaweka humo na majina yaliyoandikwa juu yake, wanasoma rejista za zamani na kuandika majina ili wengine wayapate kwa kutafuta. Kuna upande wa kulipia kwa mwaka, na kuna upande wa bure. Kiswahili hakuna, chagua Kifaransa au Kiingereza. Mimi natumia simu na bando la kawaida tu na ukurasa wa asili ya jina unafunguka vizuri, kinachokula MB ni picha za rejista, kwa hizo tafuta waifai au subiri bando la usiku.

Ukiandika Delmas inakuletea kwanza maelezo ya asili. Hapa naomba msikilize vizuri maana ndipo saiti nyingi zinaharibu. Jina linatoka kwenye lugha ya Kioksitani, ile lugha ya kusini mwa Ufaransa, na maana yake ni mtu wa pale kwenye "mas", yaani nyumba ya shamba pamoja na ardhi yake. Basi. Hakuna mfalme, hakuna vita. Zamani kijijini kulikuwa na akina Pierre watano, huyu wakamwita Pierre wa kwenye shamba, na watoto wake wakabaki nalo. Kwa kuwa nyumba za aina hiyo zilijaa kila kilima cha kusini, jina lilizaliwa mara nyingi sehemu tofauti kwa watu wasiohusiana kabisa. Kwa hiyo akina Delmas hawana babu mmoja. Ukiona saiti inakwambia "babu wa akina Delmas wote alikuwa fulani", funga hiyo saiti.

Umbo la jina nalo linasema kitu. Ukiwa na Delmas, uko sehemu ambako watu walisema "del", yaani mikoa ya kusini ya Languedoc na Rouergue na majirani zao. Ukiwa na Daumas, umesogea kuelekea Provence. Dumas ni jambo lile lile likiwa limevaa Kifaransa cha Paris, ndiyo maana limeenea zaidi. Lakini Dalmas, ambalo kwa macho linafanana kabisa, mara nyingi ni jina la ubatizo, linatoka kwa mtakatifu Dalmatius aliyeheshimiwa upande wa milima ya Alpi. Herufi moja tu na umeshahama ukoo, umeshahama na mkoa. Geneanet inayatenganisha haya vizuri na kwa hilo naipongeza kwa moyo wote.

Halafu inakuja ramani, na hapa ndipo nilipoipendea. Ufaransa imegawanywa kwenye departimenti, chukulia kama wilaya zetu, na ramani inazipaka rangi kufuata jina limepatikana wapi zaidi, na unaweza kuisogeza miaka, ukarudi nyuma karne kwa karne. Delmas inakaa kusini-magharibi na kwenye milima ya kati: Aveyron, Lot, Cantal, Corrèze, Tarn. Ukirudi miaka ya zamani rangi inajikusanya hapo hapo, ukija mbele inaanza kumwagika kuelekea Toulouse, Bordeaux na Paris. Kuna watu watasema hii ni kawaida, watu wote wanakimbilia mjini. Ndiyo, ila wa Aveyron wana historia yao. Walishuka Paris kwa wingi karne ya 19, wakauza makaa ya mawe na kuni, wakafungua vikahawa, na mpaka leo watu wanaongelea mikahawa ya Paris na Aveyron kama mambo mawili yasiyoachana. Brasserie Lipp, mgahawa maarufu kabisa wa Paris, ulichukuliwa 1920 na Marcellin Cazes, mtu wa upande wa Laguiole, Aveyron. Wengine walivuka bahari, mwaka 1884 familia kama 40 za Aveyron zikiongozwa na Clément Cabanettes zilianzisha mji wa Pigüé huko Argentina. Ardhi ya kwao ni ya mawe na baridi, urithi mdogo, watoto wengi. Sasa ukiona jina la kusini limetokea Paris au Argentina usishangae, tafuta njia waliyopita.

Na misheni nayo ilikuwa mojawapo ya hizo njia. Padri Léon Livinhac, kiongozi wa msafara ule wa kwanza na baadaye askofu wetu, alizaliwa 1846 Buzeins, Aveyron. Jina lake pia ni la kule kule, kuna kijiji kinaitwa Livinhac-le-Haut, na hiyo "ac" ya mwisho ni alama ya majina ya mahali ya kusini, kama Aurillac na Cognac. Na jina la ubatizo la bruda wetu, Amans, ni la mtakatifu ambaye anahesabiwa askofu wa kwanza wa Rodez, mji mkuu wa Aveyron, na kanisa lake lipo mjini hapo hapo. Nilipoweka Amans na Delmas pamoja, macho yangu yalikwenda Rodez moja kwa moja. Ila angalieni, mahujaji nawaambia hivi: majina yake yote mawili yanaelekeza upande wa Aveyron. Sisemi alizaliwa kijiji fulani. Jina linakuonyesha upande, cheti cha ubatizo ndicho kinakuonyesha nyumba, na mwenye kutembeza watu kwenye mahali patakatifu hana ruhusa ya kuchanganya hivyo viwili.

Kwa nini sijatoa nyota ya tano. Ramani ya Geneanet inategemea miti ambayo wanachama wameiweka na rekodi zilizosomwa. Wilaya yenye wapenzi wengi wa historia ya ukoo inang'aa, wilaya ambayo watu wake hawana muda inaonekana kama haina watu. Tena mti mmoja ukikosewa na ukanakiliwa na watu ishirini, basi kosa linaonekana ni ukweli wa watu ishirini. Dawa yake ni kuangalia kila tukio kama limeandikiwa chanzo: rejista gani, parokia gani, ukurasa gani. Mwenye mti mzuri ameandika. Asiyeandika, chukua kama fununu, usimsambazie mtu.

Ndiyo maana nasema linganisha na INSEE. Taasisi hiyo imetoa hesabu ya watoto waliozaliwa kwa kila jina la ukoo na kila departimenti, kwa vipindi vya miaka ishirini na tano: 1891 hadi 1915, 1916 hadi 1940, 1941 hadi 1965, 1966 hadi 1990. Kuna saiti kadhaa zinazionyesha kwa ramani bila malipo. Hizi hazitegemei nani anapenda historia. Lakini nazo zina shimo lake na sijaona wengi wakilisema. Daftari la INSEE lilianza kutengenezwa miaka ya 1940, kwa hiyo mtu aliyezaliwa 1893 na akafa kabla ya hapo hayumo. Sasa fikiria vijana waliozaliwa miaka ya 1890, hao ndio waliokwenda kwenye vita ya 1914 hadi 1918. Ufaransa ilipoteza wanajeshi zaidi ya milioni 1.3. Vijiji vya milimani vililia. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kwenye ramani kina watu pungufu, na waliokosekana ni vijana waliokufa vitani na watoto waliokufa wadogo.

Hilo shimo linazibika. Wizara ya ulinzi ya Ufaransa ina saiti ya bure inaitwa Mémoire des hommes, ina kadi za wanajeshi waliokufa vita ile, zaidi ya milioni moja, na kila kadi inaonyesha kijana alizaliwa wapi, kikosi gani, alikufa wapi. Andika Delmas, soma mahali pa kuzaliwa. Nawaambia kweli, hii ilinigusa kuliko ramani zote. Unasoma tarehe, unasoma kijiji, unasoma "aliuawa na adui", halafu mwingine, halafu mwingine. Yaani ndio wale wale ambao wangeonekana kwenye ile rangi ya ramani.

Jambo jingine kwa vipindi vya karibuni: mtoto anahesabiwa pale alipozaliwa, na siku hizi wamama wanajifungulia hospitali ya mjini. Kijiji kinaonekana kimekauka kumbe wazazi bado wapo, mtoto tu ameandikwa mji wenye wodi ya uzazi. Kwetu ni hivyo hivyo, wangapi wa Kalangala wameandikwa Masaka au Entebbe.

Na kuanzia 2005 mambo yamebadilika tena, sheria ya 2002 ilianza kufanya kazi 1 Januari 2005 na wazazi wakaruhusiwa kumpa mtoto jina la mama au yote mawili. Kisha Julai 2022 mtu mzima akarahisishiwa kuchukua jina la mzazi mwingine. Kwa hiyo ukitafuta Delmas wa leo unaweza kumkuta amelipata kwa bibi. Hesabu za zamani na za sasa hazipimi kitu kile kile kabisa.

Kuhusu dunia nzima, saiti ya Forebears inakupa orodha ya nchi na makadirio ya watu wangapi wana jina fulani. Ni nzuri kwa kupata mwanga wa haraka tu. Ni makadirio, kwa hiyo mimi natazama nchi zipi zimetokea, sibebi namba zake kama kura za uchaguzi. Na lazima utenganishe watu na vitu. Delmas ni mji huko Mpumalanga, Afrika Kusini, ulioanzishwa 1907, na wengi wa umri wangu wanaufahamu kwa ile kesi ya uhaini ya miaka ya 1985 hadi 1988 dhidi ya viongozi wa UDF, muungano uliopinga ubaguzi wa rangi. Delmas ni manispaa kubwa iliyoungana na mji wa Port-au-Prince, Haiti. Delmas ilikuwa pia kampuni ya meli ya La Rochelle, ilianzishwa 1867 na ukoo wenye jina hilo, baadaye ikaingia kwa kampuni kubwa ya meli ya Kifaransa, CMA CGM, na kama umewahi kuona konteina limeandikwa DELMAS basi limetoka huko. Hivyo vyote vikijazana kwenye utafutaji vinaweza kukupotezea mchana mzima.

Haiti inahitaji tahadhari zaidi na naiweka hapa kwa sababu Waafrika tunasoma haya majina haraka haraka tukidhani kila mwenye jina la Kifaransa ana babu Mfaransa wa jina hilo. Mfano ulio wazi ni jina ndugu, Dumas. Jenerali Thomas-Alexandre Dumas, aliyezaliwa 1762 huko Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti, baba yake alikuwa mtu wa kabaila, Davy de la Pailleterie. Jina Dumas alilichukua kwa mama yake, Marie-Cessette, mwanamke wa asili ya Kiafrika aliyekuwa mtumwa. Alipoingia jeshini 1786 akaliacha la baba akajiandikisha kwa la mama. Kwa hiyo huyo Dumas kwenye mti wa ukoo anatokea kwa mwanamke Mwafrika na hana uhusiano wowote na shamba fulani la Ufaransa ya kusini. Hakuna ramani itakayokuonyesha hilo. Inabidi usome maisha ya mtu.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Mwenzetu mmoja kwenye kamati ya parokia alitaka tupate bango zuri la wageni, akaona saiti moja inauza historia ya jina, siitaji, akalipa kwa kadi, wakamtumia karatasi ya rangi. Ndani wameandika kwamba akina Delmas walitoka Dalmatia na shujaa wa farasi, na ngao iko juu yake na maneno ya Kilatini. Hakuna chanzo hata kimoja. Hakuna wilaya, hakuna mwaka. Wamechanganya Delmas na Dalmas, halafu Dalmas na nchi ya Dalmatia, wakamaliza. Akawaandikia kuomba pesa yake, kimya. Na hiyo pesa ilikuwa sadaka ya watu.

Kuhusu ngao, jueni hivi ili msiibiwe. Ufaransa ngao ni mali ya familia fulani, haiendi na jina. Akina Delmas wa kijiji hiki wanaweza kuwa nayo na wa kijiji cha pili hawana. Tena mwaka 1696 Louis XIV alitoa amri ngao zote ziandikishwe na zilipiwe, alitaka hela za vita, na wengi ambao hata hawakuwa na ngao walipangiwa na maofisa wake ili walipe tu, wafanyabiashara na mafundi wamo humo. Kwa hiyo hata ngao ya kweli iliyoandikishwa inaweza kuwa ni risiti ya kodi. Mtu wa kwenye shamba, ambaye ndiye mwenye jina letu, hakuhitaji ngao.

Njia yenyewe niliyotumia mimi, wenye subira ifuateni. Ukishajua departimenti kwa ramani zote mbili, nenda saiti ya nyaraka za departimenti hiyo. Kwa Aveyron ziko Rodez na rejista zao zimepigwa picha, unazisoma ukiwa hapa hapa Uganda bila kulipa. Mpaka 1792 ni rejista za parokia, ubatizo, ndoa, mazishi, mkono wa padri. Amri ya Villers-Cotterêts ya 1539 ndiyo iliyowalazimisha mapadri kuandika ubatizo, ila nyingi za mwanzo hazikuhifadhika, vijijini shukuru ukipata za miaka ya 1600. Kuanzia Septemba 1792 kazi ikahamia kwa serikali. Sheria ya 23 Agosti 1794 ikakataza mtu kutumia jina ambalo halimo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na kuanzia hapo tahajia zinatulia kidogo. Kabla ya hapo padri aliandika alivyosikia: Delmas, Del Mas, Dumas kwa mtu yule yule. Kusini wanawake waliweza kuongezewa mwisho wa kike kwenye jina la ukoo, Reynaud akawa Reynaude, kwa hiyo usimpite dada wa mtu ukadhani ni ukoo mwingine.

Mtego mmoja wa kweli ni kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kuanzia mwishoni mwa 1793 mpaka mwisho wa 1805 tarehe zinaandikwa kwa miezi ya fructidor, brumaire na kadhalika, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Hiyo sheria niliyoitaja juu imeandikwa 6 fructidor mwaka wa II. Vikokotoo vya kubadilisha vipo bure mtandaoni, tumia, usikisie kwa kichwa.

Ukitaka kuipima saiti yoyote ya majina ya Kifaransa kabla hujaiamini, jaribu majina ya wahunzi. Lefebvre inapaswa kuangukia kaskazini, Fabre kusini, Favre upande wa Savoie na Uswisi, Le Goff kule Bretagne, Schmitt kule Alsace. Wote ni watoto wa mfua chuma, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Saiti ikikuchorea Fabre kaskazini, ondoka. Geneanet ilifaulu huo mtihani bila shida, na INSEE pia.

Upande wa kulipia nani anauhitaji? Kama unatafuta mtu mmoja kwa jina la kawaida kama Martin, ambalo ndilo linaongoza Ufaransa nzima, utahitaji utafutaji wa kina, kuchagua mke, wazazi, kijiji, na huo uko kwa wanaolipa. Kwa jina lenye kwao kama Delmas au Livinhac au Lourdel, bure inatosha kabisa. Lourdel ni mtu wa Dury, Pas-de-Calais, alizaliwa 20 Desemba 1853, kaskazini kabisa, kwa hiyo kwake Rodez haikuhusu, nenda nyaraka za Pas-de-Calais.

Na watu wa Bukoba mnaoniuliza kila mwaka kuhusu Askofu Hirth, kwenu njia inabadilika kidogo. Jean-Joseph Hirth alizaliwa 1854 Alsace, kwenye departimenti ya Haut-Rhin, na Askofu Streicher wetu naye ni Alsace, Wasselonne, 1863, hiyo ni Bas-Rhin. Majina yao ni ya Kijerumani, na Alsace ilichukuliwa na Ujerumani 1871 mpaka 1918, kwa hiyo rejista za miaka hiyo ziko kwa Kijerumani na kwa mwandiko wao wa zamani ambao unatesa macho. Wao wenyewe walizaliwa kabla ya hapo, vyeti vyao viko Kifaransa. Wadogo zao na wapwa zao ndio mtakutana nao kwa Kijerumani. Anzeni na nyaraka za Haut-Rhin kwa Hirth na za Bas-Rhin kwa Streicher, picha za rejista ziko bure, na mwenye kuweza kusoma ule mwandiko aniandikie, nina kurasa kadhaa zimenikwamisha.